Ugomvi Tuliourithi: GNOME, KDE na Sisi wa Dar es Salaam

(Hotuba iliyotolewa Kijitonyama, Dar es Salaam, mbele ya mafundi, wanafunzi na watumiaji wa programu huria. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za mchana. Na nyie mliosimama mlangoni, ingieni jamani, viti vipo huku mbele.

Nimeombwa nizungumzie GNOME na KDE. Aliyenipa mada hii alijua anachokitafuta, maana hata chai haijanyweka na tayari nimesikia mtu akisema Plasma, eneokazi la KDE, ni mapambo matupu, na mwenzake akimjibu kwamba GNOME ni ya watu wanaopenda kuamuliwa kila kitu. Tuna watu wa pande zote mbili humu ndani. Tuna na watu wa Xfce, eneokazi jingine, wale wanyamavu, ambao wanatuona sote wapuuzi.

Kwa wageni wetu niseme kwa kifupi tunagombania nini. Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, yenyewe haina sura. Kiini chake kinashughulika na diski, kumbukumbu, kibodi na mtandao, basi. Madirisha unayoyaona, menyu, upau wa chini, saa ya pembeni, namna ya kufungua faili, yote hayo ni kazi ya tabaka jingine linaloitwa mazingira ya eneokazi. Kwenye Windows unapewa moja na maisha yanaendelea. Kwenye Linux unachagua. Yapo mengi, lakini mawili makubwa ni hayo, na yametazamana kwa jicho la pembeni kwa miaka inayokaribia 30.

Najua mnachokisubiri. Mnasubiri niseme Simba na Yanga. Haya, nimesema. Na kweli kuna mahali panafanana: Yanga ilianzishwa 1935, mwaka uliofuata kundi likajitenga na kuanzisha timu ambayo leo ni Simba. KDE ilitangazwa 1996, GNOME ikafuata 1997. Lakini mfano huu unakatikia hapo. Haijatokea watu wa Msimbazi wakaamka asubuhi wakakuta bao lililofungwa na Jangwani limeandikwa na upande wao pia. Kwenye programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa, hilo linatokea, na nitawaonyesha mabao yenyewe. Shikeni hilo.

Kwanza turudi kwenye chanzo. Ugomvi ulianza kwa nini? Ulianza kwa uzuri? Ulianza kwa rangi, kwa nani ana menyu nzuri? Hapana. Ulianza kwa leseni.

Oktoba 1996, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tübingen kule Ujerumani, Matthias Ettrich, aliandika ujumbe kwenye vikundi vya majadiliano vya Usenet akitafuta watu wa kuandika programu pamoja naye. Lalamiko lake lilikuwa la kawaida kabisa. Kwenye Unix, mfumo ambao Linux inafuata mtindo wake, kila programu ilikuwa na sura yake na tabia yake; ukishaizoea moja, nyingine inakuanzisha upya. Alitaka mtu asiye fundi aketi mbele ya mashine afanye kazi yake amalize. Ili asianze kuchora vitufe na madirisha kutoka sifuri, akachukua Qt, maktaba ya msimbo iliyotengenezwa na kampuni ya Trolltech ya Norway. Qt ilikuwa nzuri. Na kwa anayeandika programu huria kwenye Unix, ilikuwa ya bure.

Ya bure. Lakini ilikuwa huria? Hapo ndipo maneno yalipoanza. Leseni ya Qt ya wakati ule ilikuruhusu kuitumia na kuusoma msimbo wake. Kuubadilisha na kuugawa ukiwa umebadilishwa, haikukuruhusu. Kwa hiyo kazi yote ya KDE, kazi ya watu waliojitolea usiku na mchana, ilikuwa imekaa juu ya kitu ambacho kampuni moja ingeweza kukifunga siku yoyote.

Nisimame kidogo hapa, maana sisi wa mjini hapa jambo hili hatulichukulii uzito. Tunaambiana “ni ya bure” kana kwamba bure ndiyo sifa yenyewe. Windows iliyovunjwa nayo ni ya bure. Utawekewa Kariakoo kwa hela ya soda. Swali la mwaka 1997 halikuwa bei. Swali lilikuwa: siku mwenye mali akibadilisha mawazo, wewe utabaki na nini mkononi?

Agosti 1997, Wamexico wawili, Miguel de Icaza na Federico Mena, wakaanzisha GNOME kulijibu swali hilo. Waliikwepa Qt wakachukua GTK, vifaa ambavyo wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walikuwa wamevitengeneza kwa ajili ya programu yao ya kuhariri picha, GIMP. GTK haikuwa imekomaa kama Qt. Ilikuwa huria, na kwao hilo lilitosha. Mwaka 1998 watu wa Debian, moja ya mikusanyiko ya Linux, nao wakaiondoa KDE kwenye hifadhi yao kwa sababu hiyo hiyo ya leseni. Mnaona uzito wake? Kazi ilikuwa nzuri, watu wanaipenda, lakini karatasi haziko sawa, ikatolewa nje.

Watu wa KDE hawakukaa kimya. Mwaka huo huo wa 1998 wakaandikiana mkataba na Trolltech na kuunda taasisi ya pamoja. Sharti lake lilikuwa rahisi kulielewa: kampuni ikiacha kutoa toleo huria la Qt kwa miezi 12, taasisi ina haki ya kuitoa Qt chini ya leseni iliyo wazi zaidi, na kampuni haina la kusema. Halafu angalieni kilichofuata. Trolltech ikanunuliwa na Nokia mwaka 2008. Nokia ikaiuzia kampuni ya Digia hiyo Qt mwaka 2012. Wenye mali wakabadilika, mkataba ukabaki. Mimi, kama mtu angeniuliza katika miaka yote hii ni kipande gani cha kazi ya KDE ninachokiheshimu kuliko vyote, nisingetaja dirisha wala programu. Ningetaja mkataba ule.

Na Septemba 2000, Trolltech ikaitoa Qt ya Unix chini ya leseni ya GPL, leseni huria kamili. Imekwisha. Sababu iliyoizaa GNOME ikawa haipo tena.

Sasa nawauliza vijana: kama chanzo cha ugomvi kilikufa mwaka 2000, wewe uliyezaliwa 2003 unagombania nini?

(Kicheko.)

Hapana, jibuni. Kwa sababu jibu lipo, na si baya. Leseni zilipokuwa sawa, zikabaki tofauti za fikra. KDE wanaamini mtumiaji apewe vitasa vyote, achague mwenyewe. GNOME wanaamini kila kitasa unachoongeza ni mahali pengine pa mtu kupotea na pengine pa hitilafu kujificha, kwa hiyo chagua njia moja, iwe nzuri, wengine wote waifuate. Mtu mwenye akili timamu anaweza kushika lolote kati ya hayo. Mimi moyo wangu uko KDE, siwafichi. Lakini nikiweka mashine ya mzee ambaye hajawahi kugusa kompyuta, mara nyingi namwekea GNOME, kwa sababu hataweza kuupoteza upau ambao hawezi kuuhamisha.

Tatizo linakuja pale waandishi wa programu wanapoipenda fikra yao kuliko watu wanaoitumia. Na hapa pande zote mbili zina dhambi.

Januari 2008 KDE walitoa toleo la 4.0. Msingi ulikuwa mpya kabisa, ndoto kubwa, na kazi haijakamilika. Wenyewe walieleza kwamba toleo lile ni la wenye haraka ya kujaribu. Lakini ukishaandika namba nne nukta sifuri, nani atasoma maelezo ya chini? Watu walitoka kwenye 3.5 iliyokuwa imetulia kama maji ya mtungi wakaingia kwenye kitu kinachoanguka. Wapo waliokataa katakata, wakaichukua 3.5 wakaendelea nayo wenyewe, wakaiita Trinity.

GNOME wakacheka. Wakacheka mpaka Aprili 2011, walipotoa GNOME 3. Orodha ya madirisha ya chini, haipo. Kitufe cha kupunguza dirisha, hakipo. Menyu ya programu mliyoizoea, haipo. Mwezi huo huo Ubuntu, ambayo ndiyo iliyowaingiza wengi wetu humu kwenye Linux kwa zile CD za bure zilizokuwa zikija kwa posta, ikaacha ganda la GNOME, yaani sura yake ya nje, na kuweka lake, Unity. Basi ndani ya mwaka ule watu wakatawanyika. Mtu mmoja wa Argentina akaichukua GNOME 2 ya zamani akaihuisha kwa jina la MATE. Watu wa Linux Mint, mkusanyiko mwingine wa Linux, wakaichukua GNOME 3 yenyewe wakaitengenezea sura ya kawaida, ikawa Cinnamon.

Na Linus Torvalds, aliyeiandika Linux, alikuwa wapi? Huyu bwana anachekesha. Mwaka 2005 aliwaandikia GNOME kwenye orodha yao ya barua kwamba wanawachukulia watumiaji kama wajinga, akawashauri watu watumie KDE. KDE 4 ilipotoka, akaikimbia, akaenda GNOME. GNOME 3 ilipotoka, akaikimbia nayo, kwa maneno makali, akaenda Xfce. Miaka miwili baadaye akarudi GNOME 3, baada ya viongezi kumrudishia alivyonyang’anywa. Mtu aliyeandika kiini chenyewe hana uwezo wa kuiamuru eneokazi iwe vipi. Anachoweza ni kile unachoweza wewe: kuhama.

Wengine husema mgawanyiko huu ndio uliotuua. Kwamba tungekuwa na eneokazi moja tu, Linux ingekuwa imeshaishinda Windows maofisini. Nimelisikia hili mara nyingi, na silikubali. Ingekuwa moja tu, mwaka 2008 au mwaka 2011 wote tungekwama pamoja. Unity yenyewe ilikuwa na kampuni nyuma yake, pesa na wataalamu, na Aprili 2017 Canonical, kampuni ya Ubuntu, walitangaza wanaiacha na kurudi GNOME. Mashine za Ubuntu duniani hazikuzimika siku hiyo, kwa sababu pa kurudi palikuwepo.

Sasa yale mabao niliyowaahidi.

Miaka ya mwisho ya 1990, kunakili maandishi kutoka programu ya GNOME kwenda ya KDE ilikuwa bahati nasibu. Programu ya upande mmoja haikuonekana kwenye menyu ya upande wa pili. Mwaka 2000, Havoc Pennington, mtu wa GNOME, akaanzisha freedesktop.org, mahali pa kukubaliana mambo ya pamoja: menyu iandikwe vipi, aikoni zikae wapi, kuburuta na kuangusha kufanyike vipi. Baadaye likaja suala la programu kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. KDE walikuwa na njia yao, DCOP, nyepesi na inayofanya kazi. GNOME walikuwa na yao, nzito kama zege. Ikatengenezwa ya tatu, D-Bus, iliyojifunza mengi kutoka DCOP. Na KDE walipofika toleo la 4 wakaiacha DCOP, mtoto wao wa kumzaa, wakaichukua D-Bus. Mwaka 2009 pande mbili zikafanya mikutano yao mikuu pamoja kisiwani Gran Canaria, na mwaka 2011 tena Berlin. Waliopigana walikuwa mashabiki. Waandishi wenyewe walikuwa wanakula meza moja.

Lakini bao kubwa kuliko yote liko mfukoni mwako. Toa simu. Ndiyo, toa.

KDE walikuwa na kivinjari chao, Konqueror, na ndani yake injini ya kuchora kurasa za wavuti, KHTML, ambayo mmoja wa waandishi wake wakuu alikuwa Lars Knoll. Injini ndogo, safi, yenye leseni ya LGPL, huria nayo. Januari 2003 Apple wanatangaza kivinjari kipya, Safari, na siku hiyo hiyo watu wa KDE wanapokea barua-pepe: tumetumia injini yenu, ahsanteni, haya hapa mabadiliko yetu. Walikuwa wameifanyia kazi kwa siri. Uhusiano haukuwa mtamu. Mabadiliko yalikuja kwa furushi kubwa moja ambalo huwezi kulifungua, na watu wa KDE walilalamika kwa sauti, mpaka mwaka 2005 Apple walipouweka mradi wa WebKit hadharani. Mwaka 2008 Google wakaichukua WebKit wakajengea Chrome. Mwaka 2013 wakachukua tawi lao, Blink. Leo Chrome iko hapo, Safari iko hapo, Edge ya Microsoft iko hapo, zote ukifuatilia nasaba yake unafika Konqueror.

Konda anayesoma matokeo ya mpira kwenye simu pale Mwenge anatumia kazi ya KDE, na hajawahi kulisikia jina hilo.

Na GNOME? Mwaka 2009 kivinjari chao nacho kikahamia WebKit. Kivinjari cha GNOME, juu ya injini iliyozaliwa KDE! Mbona hakuna aliyelia? Kwa sababu leseni iliruhusu, na aliyeandika alitaka itumike.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi, na muda naona unaniishia.

Kuna duka la steshenari, watu wa fotokopi na kuchapa barua za maombi ya kazi. Mwenyewe, mama mmoja mchangamfu, alikuwa na kompyuta ya mtumba, RAM ya gigabaiti 2, diski ya kuzunguka, na umeme unakatika akiwa katikati ya kazi ya mteja. Kijana wake amejaza mashine Plasma yenye madoido yote, kwa mapenzi tu. Tuliiweka Xfce. Menyu iko pembeni, programu tatu anazozitumia ziko juu ya eneokazi, faili linajihifadhi kila baada ya dakika chache. Baadaye nikamuuliza, mama, unaionaje? Akaniambia, “Mwanangu, sijaiona. Napiga kazi.” Yule mama hakuniuliza ni GTK au Qt. Aliuliza kama printa yake itaendelea kufanya kazi.

Kwa hiyo mafundi, mkienda kwa mteja acheni bendera nyumbani. Mashine za gigabaiti 2 na 4 ndizo zilizoko mitaani kwetu. Xfce ipo, aliyoianzisha Olivier Fourdan mwaka ule ule wa 1996 na ambayo haijawahi kupiga kelele. LXQt, nyepesi nayo, ipo. Na kama mteja ana hela kidogo, kabla hamjabishana juu ya eneokazi, mwambieni anunue SSD, ile diski isiyozunguka.

Lakini nina jambo jingine, na hili linaniuma. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapo juu mlimani, kupitia mradi wa Kilinux na kwa kushirikiana na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice: programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Walikaa wakatengeneza istilahi, neno kwa neno, kabla hata ya kugusa menyu ya kwanza. Hii ilikuwa 2004, wengi wenu hamjajua hata kibodi. Leo fungua GNOME, fungua Plasma, chagua Kiswahili, uone utakachokikuta. Kiingereza tele, Kiswahili kidogo kama kipo.

Tunajua kubishana juu ya aikoni za watu wa Ulaya na Marekani. Nani anaandika zetu?

Na kazi yenyewe si ya kuogopesha. GNOME na KDE, hata kwa hili, wanatumia faili za aina moja, faili za PO: mstari wa Kiingereza juu, nafasi ya Kiswahili chini. Ukijifunza upande mmoja umejifunza pande zote mbili. Ugumu uko kwenye lugha. Mwandishi wa Berlin anaandika “fulani deleted”, anaacha nafasi ya kujaza jina la kitu, anaona amemaliza. Kwetu hajamaliza. Wimbo umefutwa, picha imefutwa, faili limefutwa. Ngeli hazimo kichwani mwake, na hazitakuwemo mpaka mtu wa hapa amwandikie kwamba sentensi yako haitafsiriki, ivunje. Wakiandikiwa huwa wanasikiliza, maana Waarabu, Warusi na Wapoland nao wana vilio vyao vya namna hiyo. Sisi tu ndio hatujalia.

Nyuma kule kuna mashine tatu: moja ina GNOME, moja Plasma, moja Xfce. Jaribuni zote, hasa ile msiyoipenda. Meza ya dirishani kuna laptopu yenye faili la PO la kidhibiti faili. Huhitaji kujua kuandika programu. Wanafunzi wa Kiswahili mliokuja kwa kusindikiza wenzenu, nyie ndio ninaowataka kwenye meza hiyo, na nitakuwa hapo mpaka saa 12 jioni.

Ahsanteni sana. Maikrofoni ipite kwa wenye maswali. Anayetaka kuuliza ipi ni bora, amuulize jirani yake.